Vya Kale ni Dhahabu: Kishikwambi, Marudio na Hesabu za Watu wa Geita

Wafanyabiashara wa vifaa vya kielektroniki wa Kahama na Katoro wana lalamiko moja siku hizi, nalo nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba si maneno ya kutafutia huruma: vishikwambi havitoki. Simu zinatoka, hasa zile zenye kioo kikubwa na bei ya kati. Paneli za sola zinatoka, spika zinatoka, pampu za maji zinatoka. Kishikwambi kinakaa kabatini mpaka sanduku lake linapauka. Mwenye duka anakishusha bei, anakifuta vumbi, anakirudisha mahali pake.

Lalamiko hilo lingekuwa jambo dogo la sokoni lau lisingetokea mahali hapa na wakati huu. Mnamo Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia moja. Ukanda unaoanzia Mwakitolyo mkoani Shinyanga, ukapita Kahama na Bulyanhulu, ukaishia Nyarugusu, Rwamgasa na Geita mjini, unakaa juu ya mawe yenye bidhaa hiyo hiyo. Ikiwa kuna watu nchini waliopaswa kuwa na fedha ya kununua kifaa kipya, baadhi yao wako hapa. Kwa nini basi hawanunui?

Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga. Nafundisha chuo kikuu mbali na nyumbani, na kila likizo narudi kuona ndugu. Katika safari hizo nimejifunza kutoliamini jibu linalotolewa haraka mno katika semina zetu, kwamba watu hawabadilishi vifaa kwa sababu ni maskini au kwa sababu hawajaelimika kidijitali. Umaskini upo, wala sikusudii kuupamba. Lakini jibu hilo halielezi kwa nini mtu aliyepata fedha leo asubuhi anatoka mnadani jioni akiwa na ng'ombe wawili, huku simu yake ikiwa na kioo kilichopasuka tangu mwaka juzi.

Tuanze na dunia, kwa sababu jambo hili halikuanzia Katoro. Apple ilipoleta iPad mwaka 2010, wengi walitabiri kwamba kompyuta ya mezani na ile ya mapajani zimefikia mwisho. Kwa miaka michache utabiri ulionekana kutimia. Mauzo ya vishikwambi duniani yalipanda hadi kufikia kilele mwaka 2014, kisha yakaanza kushuka. Janga la UVIKO-19 liliyainua tena, maana shule na ofisi zilihamia nyumbani. Mlango wa nyumba ulipofunguliwa yakaporomoka, na mwaka 2023 yalipungua kwa takriban moja ya tano yakilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mwenye duka wa Katoro na kampuni kubwa za California na Seoul wanaugua maradhi ya namna moja. Aliyenunua kishikwambi kimoja haoni sababu ya kununua cha pili.

Sababu ya kwanza ni nyepesi: kifaa hicho kilibanwa pande mbili. Simu zilikua hadi zikameza nusu ya kazi yake, na kompyuta ikabaki na nusu nyingine. Mtu anayesoma habari, anayetuma fedha na anayetazama mpira hana haja ya kioo cha pili. Mtu anayeandika tasnifu anahitaji kicharazio. Kishikwambi kilibaki kuwa kifaa cha kusomea, na msomaji, kama tujuavyo, hana haraka. Kurasa za kitabu hazigeuki upesi zaidi kwa sababu kifaa ni kipya.

Sababu ya pili nilipewa na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ana hisa katika duara moja huko Nyarugusu. Kwa msomaji asiyejua, duara ni shimo la wachimbaji wadogo, na mgawo wake una kanuni kali: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye eneo ana lake, aliyegharamia chakula na mafuta ya jenereta ana lake, na wanaoshuka chini wana lao. Mwaka mmoja duara lao lilitema vizuri. Nilimkuta akiwa amenunua pampu, amepaua nyumba ya mama yake kwa bati, amelipa ada za watoto watatu na kuongeza mifugo. Simu yake ilikuwa ile ile, imefungwa kwa mpira wa manjano ili betri isichomoke. Nikamtania kwamba tajiri hatembei na simu ya namna hiyo. Akanijibu: "Kaka, simu hii nikimpigia mnunuzi wa dhahabu ananisikia vizuri. Hiyo mpya nimpigie nani mwingine?"

Nimelitumia swali hilo darasani zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya uchumi. Kwa Msukuma ng'ombe ni mali inayozaa. Bati linazuia mvua miaka ishirini. Pampu inarudisha gharama yake shimo likijaa maji. Kifaa cha kielektroniki kinaanza kupoteza thamani siku kinapotolewa kwenye sanduku. Mtu anayeishi kwa kipato cha kubahatisha, leo gramu kumi na kesho mawe matupu, hawezi kuweka bahati yake katika kitu kinachoyeyuka. Katika ukanda huu watu wameona kwa macho namna utajiri unavyokoma. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulifunguliwa mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 uzalishaji wake ulikuwa umefika ukomo. Miaka kumi na miwili, karibu muda wa mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi. Aliyeshuhudia hayo huuliza kila kitu anachouziwa: wewe utadumu muda gani?

Sababu ya tatu ni utamaduni wa kutengeneza, nao ni wa kale kuliko umeme. Nchi ya Geita kwa asili ni Uzinza, na Uzinza ilisifika kwa wahunzi wake, Warongo, waliofua majembe yaliyouzwa mbali hadi Usukuma na kutumika hata kulipia mahari. Jembe lililolika halikutupwa. Chuma chake kilirudi kwenye moto kikawa kitu kingine. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na walisema hivyo wakijua koleo ni nini. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini tulikuta tabia hiyo ikiwa hai. Bidhaa zilikuwa adimu madukani. Redio ya baba yangu ilikuwa na antena ya waya wa baiskeli, na betri zake zikiisha tulizianika juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Hakuna aliyetuona washamba wa teknolojia. Tuliitunza redio kwa sababu tulihitaji habari.

Leo wahunzi wa zama hizi wako pembezoni mwa barabara ya Katoro, kila mmoja na meza yake, taa yake ya kukuza na kopo la skrubu. Kijana mmoja miongoni mwao, baada ya shikamoo na kuniuliza hali ya chuo, alinieleza jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. "Mwalimu," alisema, "watu hawaleti simu hapa kuuliza kama itapona. Wanauliza itapona kwa shilingi ngapi." Kwake yeye kifaa hakina umri. Kina kioo, tachi, betri, tundu la chaji na bodi, na kila kimoja kina bei yake. Bei ya kupona ikikaribia bei ya simu nyingine, hapo ndipo mteja anapofikiria kubadilisha, na mara nyingi anabadilisha kwa mtumba.

Wachimbaji wana neno linalofanana sana na hayo, nalo ni marudio. Mchanga uliokwisha kusagwa kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo kwa zebaki huwa bado una dhahabu, kwa kuwa zebaki hunasa sehemu tu. Mchanga huo hautupwi. Unalundikwa, unapimwa, unauzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi, nao wanatoa kile ambacho wa kwanza alishindwa kukitoa. Katika baadhi ya machimbo lundo la marudio ni mali kuliko shimo lenyewe. Watu wenye fikra hiyo kuhusu mchanga ungewashawishi vipi watupe kifaa kinachowaka?

Sababu ya nne ni kuvunjika kwa uaminifu, na hapa ndipo siasa inapoingia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu zote zilizobainika kuwa bandia. Sheria ilikuwa na hoja zake: simu bandia ni hatari kwa afya na kwa usalama, nazo huwaibia wabunifu halali. Lakini aliyeamka asubuhi na simu isiyopiga alikuwa ameinunua kwa fedha halali, katika duka lililokuwa wazi mchana kweupe. Adhabu ilimfikia yeye, mtu wa mwisho katika mnyororo. Kenya ilifanya kama hivyo mwaka 2012. Tangu hapo mnunuzi wa kijijini anakitazama kifaa kipya kwa shaka: je, hiki nacho kitazimwa lini?

Kisha ikaja hadithi ya kodi. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa simu janja, vishikwambi na modemu, kwa lengo la kuongeza matumizi ya huduma za mawasiliano. Mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa na asilimia 18 ikarejea. Katika mwaka huo mmoja niliuliza bei katika maduka kadhaa ya Kahama kila nilipopita, na sikuona punguzo la kumfanya mwalimu au mchimbaji abadili uamuzi wake. Mwaka huo huo, tarehe 15 Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, na watu wakajifunza kwamba chombo cha mawasiliano ni mahali pa kukamuliwa. Ukitaka raia awekeze katika kifaa, usimfundishe kwamba kila anapokigusa mkono wa pili unaingia mfukoni mwake.

Wala shaka hiyo si ya wanavijiji pekee. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya simu za iPhone zenye betri zilizochoka, ikieleza kwamba nia yake ilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafla. Mwaka 2020 mamlaka za Ufaransa ziliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Mzee wa Kishapu anayesema kwamba "hizi simu zinatengenezwa zife" ana ushahidi wa kutosha kukaa meza moja na mchumi wa Paris.

Kufikia hapa nimeeleza kwa nini watu wanachelewa, na nimeonyesha kwamba kuchelewa kwao kuna akili. Lakini sikuandika makala haya ili kuwasifu tu. Kuna jambo linalonikosesha utulivu, nalo nimelifahamu kwanza kupitia kishikwambi changu mwenyewe.

Nilikinunua mwaka 2016 nikiwa naandika tasnifu ya uzamivu. Kimesoma mamia ya makala, kimesahihisha kazi za wanafunzi, kimeanguka mara mbili. Kioo chake kimebadilishwa mara moja, betri mara moja. Bado kinawaka, bado kinafungua vitabu vilivyomo. Lakini kila mwaka kuna mlango mmoja unaofungwa. Kwanza programu ya benki ilisema haikitambui. Kisha kivinjari kikagoma kufungua baadhi ya tovuti. Kisha programu ya mikutano ikadai mfumo endeshi ambao mtengenezaji hautoi tena kwa kifaa cha namna hiyo. Hakuna kipuri kilichokufa. Kifaa hakijafa, kimefukuzwa.

Fundi wa Katoro anaweza kubadilisha tachi. Hawezi kubadilisha uamuzi uliofanywa ofisini ng'ambo ya bahari. Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye toleo la Android lililo chini ya 5.0. Kwa mtu wa jijini hilo lilikuwa tangazo la kupuuza. Kwa mwenye simu ya zamani katika kijiji cha machimbo ilikuwa ni kutolewa kwenye kikundi cha wazazi wa shule, kikundi cha kuweka na kukopa na kikundi cha ukoo, vyote kwa siku moja. Uhunzi wetu ulizoea kushindana na kutu. Haukuandaliwa kwa adui asiyegusika.

Mimi naweza kununua kingine, ingawa nitanung'unika. Nina mshahara. Hofu yangu ni kwa wale ambao Serikali imewakabidhi vifaa na kuwajengea wajibu juu yake.

Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kukusanya taarifa kwa vishikwambi. Makarani walivibeba hadi kwenye kambi za wachimbaji ambako anwani ni jina la shimo, na nchi ikajihesabu: watu 61,741,120, wakiwemo karibu milioni tatu wa Mkoa wa Geita. Baada ya kazi hiyo Serikali ilifanya uamuzi ambao nauunga mkono hadi leo: vishikwambi vile, pamoja na vingine vilivyoongezwa, viligawiwa kwa walimu. Huo ndio moyo wa marudio katika ngazi ya taifa. Kifaa kilichomaliza kazi moja kilipewa nyingine.

Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Geita, na ni mmoja wa waliopokea. Humo ndimo mna mtaala mpya, mna maandalio ya masomo, na humo ndimo anamojaza taarifa zake za utendaji kazi katika mfumo wa PEPMIS mtandao unaporuhusu. Tundu la chaji lilipolegea alikipeleka kwa fundi wa barabarani akalipa kutoka mfukoni mwake. Hakulalamika. "Mdogo wangu," aliniambia, "nikikiacha kife nitajaza mfumo kwa kidole hewani?" Akacheka. Mimi sikuweza kucheka naye, kwa sababu swali lake lina swali jingine ndani yake. Tundu la chaji litatengenezwa. Siku mfumo utakapokataa toleo la kifaa chake, nani atalipa?

Hilo ndilo lililo hatarini. Tunahamishia dola yetu kwenye vioo: maombi ya kazi, maombi ya mikopo ya elimu ya juu, zabuni, taarifa za utumishi. Ni jambo jema. Limepunguza foleni, limepunguza bahasha za kaki na safari za Dodoma. Lakini kila mfumo mpya hubeba dhana isiyoandikwa kwamba raia ana kifaa cha miaka mitatu iliyopita. Mwanafunzi wangu mmoja kutoka wilaya ya Bukombe alijaza fomu zake zote za mwaka wa kwanza kwa simu za kuazima, kwa sababu ya kwake haikuweza kufungua ukurasa husika. Alikuwa na vigezo vyote, kasoro umri wa simu. Katiba haijaweka sharti la toleo la Android katika haki za raia, lakini kwa vitendo tunaliweka kila siku, bila mjadala bungeni na bila tangazo katika gazeti la Serikali.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki. Kifaa cha zamani kisichopata masasisho ya usalama ni mlango wa wezi, na wizi wa mtandaoni umewaumiza wengi. Ni kweli. Lakini tukikubali hoja hiyo hatupaswi kumwachia mchimbaji na mwalimu gharama yake wao peke yao. Umoja wa Ulaya umechagua kumbana mtengenezaji. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na vishikwambi vinavyoingia katika soko lake vinapaswa kupewa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya mauzo ya aina hiyo kukoma, na vipuri kwa miaka saba. Betri inapaswa kubakiza asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. Nchi moja ya Afrika haina nguvu ya soko la Ulaya. Lakini Serikali inaponunua vifaa kwa mamia ya maelfu kwa mkupuo mmoja, yenyewe ni soko, na mnunuzi wa namna hiyo ana haki ya kuandika masharti katika mkataba.

Lipo pingamizi la pili, la wenye maduka. Watasema nawahubiria watu wasinunue. La hasha. Mwenye duka wa Katoro anayeuza pia vioo, betri na tachi halalamiki kama mwenzake anayeuza masanduku mapya tu. Biashara ipo, ila imehamia upande wa pili wa meza.

Naomba nimalizie na kejeli moja ambayo ukanda huu pekee unaweza kuielewa kikamilifu. Ndani ya kila simu na kila kishikwambi mna dhahabu, kiasi kidogo mno, kama sehemu tatu za mia za gramu katika simu moja. Lakini ukikusanya tani nzima ya simu chakavu, makadirio ya kawaida yanakupa zaidi ya gramu mia mbili, ilhali tani ya mawe ya mgodini hutoa gramu chache tu. Dhahabu iliyotoka chini ya ardhi kwa jasho na vifo inarudi Geita ikiwa ndani ya vifaa, kisha vifaa vinalala kwenye madroo na makopo chini ya vitanda. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Watu wa marudio wana lundo jipya la marudio, nao hawana mwalo wake.

Na mwalo huo usijengwe kiholela. Tumekwisha kuona zebaki ilivyofanya katika mikono ya wachimbaji na katika vijito vyetu, hata nchi ikaridhia Mkataba wa Minamata. Kuchoma bodi za simu katika moto wa wazi au kuzilowesha katika tindikali nyuma ya nyumba kutaleta msiba wa aina hiyo hiyo kwa jina jingine. Kanuni za usimamizi wa taka za umeme na kielektroniki za mwaka 2021 zipo. Geita ina soko la madini lililofunguliwa mwaka 2019, mahali ambapo dhahabu ya mchimbaji mdogo inapimwa hadharani na kulipiwa. Kwa nini jengo la namna hiyo lisiwe na dirisha moja la kupokea vifaa vilivyokufa kwa uzani na kwa malipo?

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina maombi matatu. Kabla mfumo haujazinduliwa, ujaribiwe kwa simu ya zamani zaidi iliyoko mtaani, na iwepo njia ya kitochi kwa asiye na simu janja. Tumekwisha kuweza hilo: namba ya malipo ya Serikali inalipika kwa simu ya aina yoyote. Pili, kila mkataba wa kununua vifaa vya umma utaje miaka ya masasisho, upatikanaji wa vipuri na fungu la matengenezo, ili mwalimu asilipie mali ya Serikali kwa mshahara wake. Tatu, wale vijana wenye meza za barabarani watambuliwe. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi mwenye cheti anaweza kupewa zabuni ya kutunza vishikwambi vya shule za kata yake, na fedha ikabaki Katoro.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi moja tu. Tumezoea kupima maendeleo kwa idadi ya vifaa vinavyouzwa, na mauzo yakishuka tunaandika kwamba watu wamebaki nyuma. Nendeni mkahesabu kitu kingine: vifaa vingapi vinavyowaka vimezuiwa kufanya kazi, na wenye vifaa hivyo wamekosa nini. Hesabu hiyo itatusaidia kuliko takwimu za mauzo. Mkiipata, nileteeni. Nitaisoma, inshallah, kwenye kishikwambi hiki hiki, maadamu bado kinakubali kufungua kurasa.